Usingizi Uliozuia Torati

Mifarishi ya Haia Butnaru, yale mablanketi mazito ya kujazwa manyoya, ilikuwa na sifa mbaya mjini Sulinești. Jifunike mmoja Ijumaa usiku, watu walisema, utaamka Jumatatu na kuuliza Sabato imeishia wapi. Fundi viatu mmoja, mseja, alijifunika akaota ameoa, akazaa, akaozesha binti, na alipoamka akalia juma zima kwa kuwakumbuka wajukuu. Mpiga fidla wa kwenye harusi, yeye mfarishi uliinuka naye kitandani polepole, kama mkate unavyoumuka, mkewe akaingia na ufagio akafagia chini yake bila kuinama. Asiyeamini aende akaulize. Mashahidi wamekufa, lakini makaburi yao yapo.

Haia mwenyewe alizaliwa katikati ya manyoya ya bata bukini, mama yake hajaiweka sindano chini, na mkunga alipomwinua mtoto akadhani ameshika kifaranga. Shule aliiona kwa nje, siku alizopita njia ile na mzigo kichwani. Akaolewa na Froim, mchambua manyoya, mwanamume mpole aliyepumua kwa adabu. Hawakugombana hata siku moja, maana ndani ya nyumba ya manyoya ukipaza sauti yanaruka yote, humwoni tena unayegombana naye. Kisha Froim akafa, tena kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Mwana wao akahamia ng'ambo kama watoto wa wenzao wote. Haia akabaki na sindano, paka, na nyumba ya sala.

Zamani kila kazi ilikuwa na nyumba yake ya sala mjini pale: ya mafundi cherehani, ya wachota maji, ya mafundi bati. Vita vikaja vikala watu. Akaja dikteta akawabana waliosalia. Naye alipoangushwa, Wayahudi wa Sulinești walikuwa wamebaki wazee wachache na nyumba mbili: sinagogi kubwa, zuri kama keki ya harusi na baridi kama tumbo la samaki, na nyumba ndogo ya washona mifarishi, yenye jiko la vigae ukutani. Theluji ikianguka, wote walisali kwa washona mifarishi. Jirani Mkristo alilijaza jiko kuni, maana Myahudi hawashi moto Sabato, wazee wakavua makoti, na nyuma ya pazia, upande wa wanawake, Haia aliegemea ukuta wenye joto akasikia sauti za watu. Siku nyingine zote alisikia ya paka.

Basi Mwenyekiti akapata wazo.

Sandu Vaisbuch, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa mtu mwema, na ubaya wake wote ni kwamba alipata mawazo. Alikuwa amesikia kuwa Profesa Osias Perelmuter anakuja. Huyu profesa alizaliwa Sulinești, akachukuliwa ng'ambo akiwa bado anatambaa, akasoma huko mpaka nywele zikamhama. Alisomea namna watu wanavyotawaliana. Na zaidi ya yote, namna watu wake mwenyewe, wasio na jeshi wala mfalme, walivyotawaliana kwa karne nyingi wakibishana tu. Jina lake lilikuzwa na jambo moja alilolifukua katika vumbi la vitabu: kuzuia usomaji. Zamani, Myahudi yeyote aliyedhulumiwa, akiwa mjane, akiwa mpishi, akiwa yatima asiye na wa kumsemea, aliweza kuingia Sabato asubuhi, akapiga meza ya kusomea na kusema, "Nazuia!" Hapo gombo la Torati halitolewi katika kabati lake takatifu, awe nani awe nani anayesubiri, mpaka mtu yule asikilizwe na aridhike.

Maneno hayo ya Perelmuter yalisafiri kuliko yeye. Wanafunzi wake walitawanyika kama mbegu za pamba, wakaandika vitabu juu ya kitabu chake, na wengine wakaandika vitabu kuvipinga vitabu hivyo. Watu ambao si Wayahudi hata kwa bahati mbaya walianza kupiga meza kwenye mabaraza yao. Kulikuwa na nchi, wanasema, wabunge wake walipiga meza hivyo hivyo hadi seremala wa bunge akajijengea ghorofa.

Sandu akaona fahari hiyo isipite bure. Akatangaza kwamba nyumba ya washona mifarishi itageuzwa Nyumba ya Kumbukumbu ya Profesa Perelmuter. Kuta zitapigwa rangi, yataletwa makabati ya vioo yenye taa, na ndani yake zitawekwa sindano za kale, kofia za kale, na kibandiko cha kueleza kila kitu.

"Na jiko?" Haia akauliza.

"Jiko litabaki, Mama Haia. Ni urithi wetu. Halitawashwa tu."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtasali kule pakubwa. Kule kuna nafasi."

"Hata kaburini kuna nafasi, Sandu."

Mwenyekiti akacheka, maana alidhani ni utani. Haia hakucheka. Alijua hesabu yake: kule pakubwa vioo vya madirisha vilivunjika zamani, na wazee wakisali kule majira ya baridi mara moja, hawatasali mara ya pili. Watabaki kila mtu na jiko lake, kila mtu na paka wake, na sala ya Sulinești itazimika bila hata mtu wa kuiombea.

Alhamisi Profesa akatoa mhadhara katika ukumbi wa mji. Haia alikwenda na wifi yake Surica, dada wa marehemu Froim. Kwa Surica mhadhara wowote ulikuwa mahali pa kuketi kabla ya keki.

"Wifi, amka," Haia akamgusa ubavu. "Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Keki zinakuja mwishoni."

"Anasema hata mwanamke anaweza kupiga meza."

"Akishapiga, anapewa keki kwanza?"

"Anapewa haki yake."

"Aa," Surica akasema akirudi usingizini. "Mimi nilidhani kitu cha kula."

Tangu saa ile Haia hakupata usingizi. Yeye aliyewalaza watu wa mji mzima alijigeuza na kugeuka usiku wa Alhamisi, akajigeuza na kugeuka usiku wa Ijumaa, paka akahama chumba. Hakuwahi maishani kusimama mbele ya wanaume na kusema neno. Aliujaribu mkono wake juu ya meza ya jikoni. Sahani zikaruka, naye akaziomba radhi.

Sabato asubuhi theluji ilikuwa imefika vizingitini. Pamoja na Profesa, aliyeziba pengo la mzee aliyezikwa juzijuzi, wanaume walitimia kumi barabara, na bila kumi Torati haisomwi hadharani. Mmoja akitoka kwenda hata msalani, tisa wanakaa wakimngoja. Profesa aliketishwa mbele. Kwenye chumba cha pembeni samaki wa mgando, mikate ya kusukwa na pombe kali ya plamu vilikuwa vimeshafunikwa kwa kitambaa cheupe. Msomaji alikuwa mzee Lupu, mwenye sikio moja zima na moja la mapambo. Alipoliendea kabati takatifu na kulishika pazia lake, pazia jingine, lile la wanawake, likafunguka.

Haia alitembea mpaka kwenye meza ya kusomea. Akapiga. Vumbi la tangu enzi za babu likainuka, na jua la dirishani likalishika hewani kama unga.

"Nazuia!"

Lupu akageuza sikio zima. "Nani amezaa?"

"Nazuia, Mzee Lupu! Gombo lisitoke!"

Profesa Perelmuter alisimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomea simba katika vitabu maisha yake yote, halafu akamkuta jikoni kwake anakunywa maziwa. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu, lakini Sabato hakuna kuandika, tena kalamu yenyewe aliiacha hotelini. Vidole vyake vikabaki vinaandika hewani.

"Anaruhusiwa huyu?" Mwenyekiti akamnong'oneza.

"Anaruhusiwa," Profesa akasema. "Mpeni kiti, jamani, anatetemeka. Keti, mama. Pumua kwanza. Halafu tuambie, nasi tutasikiliza mpaka uridhike."

Kiti kilichokuwa karibu ni kile cha kando ya jiko. Haia akaketi. Joto likamwingia mgongoni, likampanda mabegani, likamkumbatia kama mtu anayemjua. Akafungua kinywa aseme. Kikatoka kwanza mwayo, na nyuma ya mwayo ukaja usingizi wa siku mbili, ukambeba mzima mzima.

Lakini masikio yake hayakulala. Aliona uwanda mweupe, laini, ulioshonwa mistari ya mraba hadi upeoni, na bata bukini wakitembea juu yake bila haraka. Sauti za watu zilimfikia kwa chini, kama zinatoka upande wa pili wa mfarishi.

"Amelala," ilisema sauti ya Sandu. "Amezuia, halafu amelala! Mwamsheni."

"Usimguse!" Huyo Lupu. "Unataka kutenda wizi wa usingizi? Baba zetu walikataza. Ukiiba kuku utarudisha kuku. Usingizi uliouiba utaurudisha na nini?"

"Basi tuendelee kusoma."

"Hatuwezi," ikasema sauti ya Profesa, na ilikuwa na furaha isiyofichika. "Hajaridhika. Hata hajasema shauri lake."

"Kwa hiyo hatusomi kwa sababu hajaamka, na hatumwamshi kwa sababu amelala?"

"Naam. Ni kitu kizuri mno."

"Kizuri? Profesa, kuna samaki mle!"

Bata mmoja akamtazama Haia kwa jicho la pembeni, akaendelea na safari. Watu wakaanza kujipekua dhamiri, kila mmoja akitafuta amemkosea nini. Sauti ya kwanza ilitoka nyuma ya pazia.

"Ni mimi," Surica akasema, akapenga kamasi. "Najua ni mimi. Nilimwambia mke wa mfamasia kwamba mifarishi ya wifi yangu ina manyoya ya kuku. Si kweli. Nilikuwa nimekasirika, hakunionjesha jamu ya waridi."

"Kama ni hivyo," mzee mmoja wa benchi la nyuma akakohoa, "mimi ndiye ninayemtupia paka wake viatu. Anaimba, yule paka. Na siku hizi sina viatu."

"Mimi naruka mistari," Lupu akasema.

"Unaruka nini?"

"Baridi ikizidi, naruka mistari ya sala. Mama Haia anajua, maana yeye humaliza baada yangu. Siku zote naona jinsi anavyonitazama tukitoka."

Ukazuka mtafaruku, kila mmoja akimuuliza mwenzake ni mistari gani, na tangu lini, na je, Mungu anahesabu.  Haia alimsikia Mwenyekiti akihema. Jiko likapasua kuni moja, tap.

"Haya," Sandu akasema mwisho. "Ni vioo. Mnajua nyote kwamba ni yale makabati ya vioo. Anataka nyumba hii ibaki kama ilivyo."

"Ni vioo," benchi la nyuma likaitikia.

"Lakini nimewafanyia nyinyi!" sauti yake ikapanda. "Tukifa sote, nani atajua tulikuwepo? Kioo kitakumbuka! Profesa, wewe ndiye bwana wa jambo hili. Ulimwengu unakusikiliza wewe. Sema neno moja tu, kwamba desturi hii ilishakufa, ni ya vitabuni, tusome, tule, na mama huyu alale kwa amani."

Kule uwandani bata wote wakasimama, mguu mmoja juu.

 Profesa alipojibu, hakuwa na sauti ile ya ukumbini. "Maisha yangu yote nimesema kwamba ilikuwepo. Sikuwahi kusema i hai, maana sikuwahi kuiona. Sasa nikisema imekufa, tutakula samaki sasa hivi." Tumbo lake likanguruma, wote wakalisikia, hata Lupu. "Sikilizeni hilo. Mambo yaliyokufa nimeyasoma miaka mingi, Bwana Vaisbuch, na hakuna hata moja lililowahi kuninyima chakula cha mchana. Hili ni zima. Na kitu kizima ukikifungia kiooni kinakosa pumzi. Ondoa makabati. Hata mimi mnanijengea kumbukumbu, na bado ninapumua, jamani!"

Mwenyekiti akakaa kwa kishindo. "Basi yatakwenda ofisini kwangu. Nitaweka ndani kofia yangu. Mama Haia, umesikia? Nyumba ni yenu na jiko ni lenu. Umeridhika?"

Haia alitaka kujibu, lakini alikuwa mbali, na mdomo wake alikuwa ameuacha kitini.

"Lazima aseme mwenyewe," Profesa akaamua.

Wakangoja. Jiko nalo halikuwa na haraka. Theluji ilijaza madirisha, chumba kikawa cheupe na kimya, na mmoja mmoja wakaanza kusinzia: mzee wa viatu, Lupu na sikio lake, Sandu na kidevu kifuani, Surica nyuma ya pazia, na Profesa wa mwisho, kalamu isiyokuwepo ikimdondoka vidoleni. Na wote, hili waliapa baadaye kila mtu kwa wakati wake, wakajikuta uwandani kwa Haia.

Benchi zilikuwa zimepangwa pale juu ya weupe. Wachota maji waliingia wakiwa wameshusha ndoo zao. Mafundi bati waliingia, mafundi cherehani waliingia na sindano ukosini, na washona mifarishi wenye manyoya katika ndevu, watu wote ambao vita viliwala, wakasogezeana nafasi kama Sabato yoyote, wakiulizana juu ya magoti na hali ya hewa. Profesa alimwona mwanamume mwenye masikio kama yake, asithubutu kumuuliza jina. Mtu yule akamrekebishia kola tu. Froim alikaa pembeni, akipumua kwa adabu.

"Umezuia kweli wewe?" akamuuliza mkewe.

"Nimezuia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, Froim. Nimepiga na meza."

"Kumbe." Froim akamtazama kama siku ile ya kwanza. "Haya, waruhusu sasa. Hata sisi tunangoja kusikia."

Haia akafumbua macho.

Wote walikuwa wamelala. Wanaume kumi wakikoroma kwa sauti kumi, na pazia la wanawake likipanda na kushuka kwa pumzi za Surica. Alitaka kusema "Someni," na neno likamfia kinywani, maana kuwaamsha pia ni wizi uleule. Akatafakari. Akachomoa unyoya mmoja uliokuwa umenasa katika mkono wa gauni lake, akauinua juu ya pua ya Lupu, akauachia. Mtu akiulizwa, yeye hakumwibia mtu usingizi. Aulizwe unyoya.

Lupu akapiga chafya iliyoangusha theluji ya paa. Watu wakaruka.

"Someni," Haia akasema. "Nimeridhika. Ila na bomba la moshi lisafishwe."

"Litasafishwa!" Mwenyekiti akalia. "Leo hii! Hapana, leo Sabato. Kesho!"

Gombo likatolewa. Profesa akaitwa asome baraka, akazisoma akikosea, kwa sababu alikuwa akitazama benchi tupu za nyuma. Lupu hakuruka mstari hata mmoja. Ilichukua muda wa ajabu.

Mezani, samaki akipungua na pombe ya plamu ikizunguka, Profesa alikuja kukaa kando ya Haia. "Mama, siku ya leo sitaisahau."

"Unaondoka lini, mwanangu?"

"Kesho. Kuna wanafunzi wananingoja, kuna mkutano, kuna kitabu."

Haia akamtolea mwiba samaki wake, kama anavyotolewa mtoto. "Umesema mwenyewe kwamba nyumba hii ni nzima."

"Nimesema, na nitasema popote."

"Kitu kizima hula. Hii hula wanaume kumi kila Sabato. Wewe ukiondoka watabaki tisa. Hapo Sandu hana haja ya vioo, tutafungwa bila vioo."

Profesa akaacha kutafuna. Akawatazama wazee mmoja mmoja, midomo yake ikienda, na jibu halikuzidi tisa. "Lakini mama, wananingoja kule. Nitawaambiaje?"

"Waambie umezuiwa," Haia akasema. "Wewe si ndiye uliyewafundisha? Wataelewa."

Surica akamsukumia sahani ya keki. Mwenyekiti alikwisha kupata wazo, akaanza kueleza juu ya daktari wa meno wa kijiji cha jirani, mama yake alikuwa Myahudi bila shaka, mtu anayeweza kubembelezwa polepole na kuletwa kabla ya Pasaka. Mpaka hapo tu, Profesa, mpaka Pasaka tu.  Profesa alikula keki nzima akilitazama jiko.

Sabato iliyofuata theluji ilikuwa imefika madirishani. Mjini pale watu hawahesabiwi kama kuku, maana kuhesabu hivyo huleta mkosi. Huhesabiwa kwa kukanwa. Lupu akapita katikati ya benchi akinyoosha kidole: si mmoja, si wawili, si watatu. Haia nyuma ya pazia alizuia pumzi. Si wanane. Si tisa. Kidole kikabaki hewani, Lupu akautazama mlango, na Sandu naye akautazama.

Mlango ukasukumwa na mtu aliyevaa koti la kuazima, lenye mikono mifupi, theluji hadi magotini. Alikuwa Profesa, akitweta.

"Samahanini," alisema. "Nilipotea njia, na mji wenyewe una barabara moja."

"Si kumi," Lupu akasema, akaenda kufungua kabati.